Orodha Niliyoiandika kwa Lugha ya Wanaume

Kwa miezi saba niliogopa orodha niliyoitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Niliiogopa ofisini, niliiogopa shambani nikipalilia mikorosho, na hata msikitini nikiwa nimesujudu nilijikuta nahesabu herufi za majina ya watu. Sikumwambia mtu. Programu mbovu niliiandika kwa kutojua, na hilo ningeweza kusamehewa. Kunyamaza nilinyamaza nikijua.

Nilikuwa karani wa kumbukumbu katika hospitali ndogo pale Nachingwea, ambayo ilishafungwa zamani na majengo yake sasa ni maghala. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa na mwandiko mzuri. Sifa nyingine sikuwa nayo. Miaka ya tisini ilipofika katikati, wafadhili wakatuletea kompyuta moja iliyokwisha kutumika kwao, yenye kioo cha herufi za kijani. Mganga mkuu akanichagua mimi niende Mtwara kwa kozi ya wiki kumi. Mke wangu akanifungia karanga na nguo mbili, nikaondoka nikiwa mtu wa miaka arobaini na tano anayekwenda shule.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mpole aliyezoea kuandika ubao mzima kabla hajasema neno. Siku ya tatu alituandikia aina za lugha za kompyuta. Kuna lugha za chini, alisema, zilizo karibu na mashine, ambazo mtu akizitazama anaona namba na amri fupifupi. Kuna za juu, zilizo karibu na mtu. Kuna zinazokwenda na mkalimani, anayesoma mstari mmoja, anautenda, kisha anasoma unaofuata. Hizo ni za polepole. Na kuna zinazotafsiriwa zote kwa mkupuo kabla ya kuanza kazi. Hizo ni za kasi.

Halafu akachora mstari katikati ya ubao.

"Mimi huwa nazigawa namna nyingine pia," alisema. "Kuna lugha zisizokuamini. Umetengeneza kisanduku cha herufi ishirini na nne, ukitia ya ishirini na tano inakataa, inasimama, inakuaibisha mbele za watu. Na kuna lugha inayokuamini. Ukiiambia tia, inatia. Haikuulizi zinaingia wapi."

"Hiyo ndiyo ya wanaume, mwalimu!" mtu mmoja wa nyuma akasema, na darasa zima likacheka.

Mwalimu naye akacheka. "Wanaume wengi wamelia nayo," alisema.

Tulichoandika madaftarini ni maneno ya yule wa nyuma. Ya mwalimu hatukuyaandika. Tangu siku hiyo, kila jioni tukila ugali bwenini, tulikuwa na mgawanyo wetu. BASIC tuliiita lugha ya vidudu, kwa sababu hata mtoto wa darasa la vidudu angeielewa, na kwa sababu ilikwenda na mkalimani kama mgeni asiyejua njia. Pascal ilikuwa ya walimu. COBOL ilikuwa ya mabosi wa serikali, yenye maneno mengi na kazi kidogo. C ilikuwa ya wanaume. Mtu akionekana ameshika kitabu cha BASIC, wenzake walimuuliza kama amekuja na uji wake.

Nasema haya nikijua kwamba nilikuwa mtu mzima kuliko wote pale, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti. Tena nilipaswa kujua zaidi. Nimekulia kijijini ambako nyumbani tulisema Kimwera, jirani zetu wa kulia Kimakua, wa kushoto Kiyao, na Kiswahili tulikikuta shuleni. Najua lugha inavyopangiwa daraja, na msemaji wake akapangiwa hapohapo bila kuulizwa. Waliotoka ng'ambo ya Ruvuma, waliokimbia vita Msumbiji, tuliwacheka sokoni kwa Kiswahili chao hata walipokuwa wanatupa bei nzuri. Niliyajua hayo yote, nikayachukua nikayapeleka kwenye mashine.

Niliporudi Nachingwea nilikuta kompyuta imekwisha kuguswa.

Aliyeigusa alikuwa mtaalamu wetu wa maabara, mwanamke wa Kimakonde ambaye wazazi wake walihamia kutoka Msumbiji. Sisi wote tulimwita Mama Maabara, na yeye aliniita Bwana Faili. Kitabu kilichokuja ndani ya boksi la kompyuta kilikuwa cha BASIC. Alikuwa amekisoma kwa wiki zote kumi, saa za mchana wagonjwa wakipungua, na alikuwa ameandika programu ya orodha ya wachangia damu.

Lazima nieleze orodha hiyo ilikuwa ya nini. Hospitali yetu haikuwa na damu ya akiba. Mgonjwa akihitaji damu, tulipima ndugu zake kwanza. Ndugu wakikosa kundi linalofaa, tulitafuta katika orodha ya watu waliojitolea: jina, kundi la damu, mahali anapokaa, mara ya mwisho alipotoa. Kisha gari, au mtu mwenye baiskeli, aliondoka kwenda kumwita. Zamani orodha hiyo ilikuwa daftari lenye kurasa zilizochakaa. Mama Maabara alikuwa ameiingiza yote kwenye kompyuta.

Aliniita nione. Alibonyeza, tukasubiri. Mistari ilitoka mmoja mmoja kama watu wanaotoka msikitini mlango ukiwa mdogo.

"Inafanya kazi," alisema.

"Inafanya kazi kama mzee wa mkongojo," nilimwambia. "Mama Maabara, hii si lugha ya vidudu hii?"

"Sijui ya nani. Imo kitabuni."

"Ngoja nikuandikie ya kweli."

Hakukasirika, au kama alikasirika hakunionyesha. Nilichukua miezi miwili. Programu yangu ilipokamilika, orodha nzima ilimwagika kwenye kioo kabla hujafumba jicho. Mganga mkuu alipiga makofi. Manesi walikuja kuchungulia dirishani. Mama Maabara alisimama nyuma yangu mikono imefungwa kifuani, akaniuliza swali moja.

"Yangu ikikuta jina refu inapiga kelele na kusimama. Yako ikikuta jina refu inafanya nini?"

"Inapita."

"Inapita kwenda wapi?"

"Mama Maabara," nilisema, na watu walikuwa wanasikiliza, "kompyuta si barabara ya Ruangwa. Haina mahali pa kukwama."

Watu walicheka. Yeye akarudi maabara. Ukweli ni kwamba sikujua jibu.

Majina ya kwetu ni marefu, na sababu yake si majivuno. Kijana akitoka jandoni hupewa jina jipya, na lile la utoto halitamkwi tena. Kumwita nalo mtu mzima ni kumtukana. Lakini jina jipya peke yake halitoshi kumtambulisha, maana wengi wanafanana, kwa hiyo mtu huongeza la baba, la babu, na wengine la ukoo. Mzee mmoja wa Ruponda alikuja kujiandikisha, mrefu, mkavu, ameshika kofia yake mkononi. Nilipotaka kufupisha alinizuia.

"Andika yote, karani. Ukilikata la babu yangu, huyo utakayemwandika simjui mimi."

Nikaandika yote, na nikajisifu moyoni kwamba programu yangu haikumkatalia mzee wa watu. Ya Mama Maabara ingepiga kelele.

Niligundua mwezi wa pili tangu tuanze kuitumia. Kulikuwa na fundi baiskeli pale karibu na soko, mtu wa utani sana, aliyejulikana mji mzima kwamba ni kundi O kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akitangaza. "Mimi damu yangu ni ya serikali," alikuwa akisema, "kila mtu anakunywa." Siku moja natazama orodha kwa jambo jingine, nikamkuta ameandikwa A.

Nilidhani nimekosea kuandika. Nikafuta, nikaanza upya nikifuata karatasi ya maabara kama kawaida yangu: karatasi ilianza na kundi, kwa hiyo niliingiza kundi kwanza, O, kisha jina lake lote, kisha mtaa wake. Nikafungua kutazama. A.

Nikafuta tena. A tena.

Nikachukua kalamu nikahesabu herufi za jina lake. Zilikuwa ishirini na tano. Kisanduku cha jina nilikitengeneza cha herufi ishirini na nne, na kisanduku kilichofuata kilikuwa cha kundi la damu. Herufi ya mwisho ya jina la babu yake, ambayo ilikuwa A, ilikosa nafasi, ikavuka, ikakaa juu ya ile O. Lugha ilikuwa imeniamini. Nilisema tia, ikatia.

Kama herufi iliyovuka ingekuwa M au K, mtu yeyote angeona kuna kosa. Lakini majina yetu yamejaa A na O, na A na O ni makundi ya damu. Uongo wa orodha yangu ulikuwa na sura ya ukweli.

Nilikaa kwenye kiti mpaka muadhini alipoadhini adhuhuri. Nilikuwa na njia ya kurekebisha programu, hilo nililiona siku hiyohiyo: mistari mitatu tu ya kukagua urefu. Niliiandika. Lakini mistari hiyo ingezuia makosa mapya. Yale yaliyokwisha kuingia yangebaki, na karatasi za maabara pamoja na lile daftari la zamani vilikuwa stoo, na mchwa walikuwa wamevila zaidi ya nusu. Mahali pekee penye makundi sahihi palikuwa kwa Mama Maabara. Ilikuwa nivuke uwanja, hatua kama arobaini, nimwambie: uliniuliza inapita kwenda wapi, sasa nimejua.

Sikuvuka. Nilitafuta majina yote yaliyojaza kisanduku mpaka mwisho, maana hayo ndiyo yangeweza kuwa yamevuka. Yalikuwa thelathini na moja. Nikayaandika katika kijitabu kidogo, nikakitia mfuko wa suruali. Kila manesi walipokuja kuniomba wachangiaji, nilisoma majina kutoka kwenye kioo na kuwaruka wale wa kijitabu. Nilisema huyu amesafiri, yule alitoa juzi. Nilikuwa nasema uongo juu ya watu wazima na afya zao, na watu waliniamini kwa sababu nilikuwa na mashine mbele yangu.

Ikaenda hivyo. Kila gari la wagonjwa lilipoingia getini niliinuka kuchungulia dirishani. Nilijifunza kutambua kwa mlio wa injini kama dereva ana haraka. Mke wangu akaniuliza kwa nini silali vizuri, nikamwambia ni mgongo.

Mwezi wa sita wa hofu hiyo, dada yangu aliniletea binti yake.

Dada yangu anakaa upande wa Ruangwa, kata ya Mbwemkuru. Binti yake alikuwa na mimba ya kwanza, na walikubaliana na mumewe kwamba mwezi wa mwisho akae kwangu, karibu na hospitali. Kwetu mjomba si ndugu wa kusalimia tu. Mtoto wa dada yako ni wako. Akiposwa wanakuja kwako, akiugua wanakuuliza wewe, na akipatwa na jambo utaulizwa ulikuwa wapi. Nilimpokea vizuri. Alikuwa mcheshi, mvivu wa kupika, mpenda redio, na alinitania mbele ya mke wangu.

"Mjomba, kompyuta yako inajua mtoto wangu ni wa kike au wa kiume?"

"Haijui."

"Basi inajua nini?"

Kila asubuhi nilipokuwa navaa viatu alikuwa amekaa kwenye mkeka, tumbo limemtangulia, anachambua mchele. Nilimpeleka akapimwa damu siku ya pili tu, kwa kisingizio cha kliniki. Alikuwa O. Mtu wa O hapokei damu nyingine yoyote ila O. Jioni ile, ofisi ikiwa tupu, nilifungua orodha, nikaondoa wale wa kijitabu, nikahesabu wa O wenye majina mafupi, wale niliowaamini. Walikuwa wanne. Nikajiambia wanne wanatosha.

Alijifungua siku ya Jumatano asubuhi, mvua zikiwa zimeshika. Mtoto alikuwa wa kike, akalia vizuri, mke wangu akatoka wodini akipiga vigelegele. Nikarudi ofisini. Haikupita hata saa moja, nesi akaja amebeba viatu mkononi kwa ajili ya matope.

"Bwana Faili, mzazi wako anatoka damu haikatiki. Daktari anataka O. Haraka."

Dada yangu na mume wa binti, waliokuwa wamefika juzi yake kusubiri uzazi, wakapimwa pale pale pamoja nami. Mimi B, dada yangu B, mume A. Nikaenda kwenye mashine. Wa kwanza kati ya wanne wangu alikuwa amehamia Lindi. Wa pili alitoa damu wiki mbili nyuma. Wa tatu nesi alimfahamu: amelazwa wodi ya wanaume, malaria. Wa nne alikuwa fundi baiskeli, ambaye nilishamsahihisha kwa kulifupisha jina lake. Tukatuma mtu mbio hadi sokoni. Akarudi: fundi amekwenda Masasi kununua vipuri, atarudi kesho.

Dereva alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo. Nyuma yake alisimama dada yangu, kanga imelowa, ananitazama.

Kwenye kioo lilikuwepo jina moja jingine la kundi O. Mzee wa Ruponda, yule wa kofia mkononi. Jina lake lilikuwa limejaza kisanduku mpaka mwisho. Alikuwa wa kumi na tisa kwenye kijitabu changu.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maabara ilikuwa hatua arobaini. Nilijua kwamba huenda mzee yule si O. Nilijua pia kwamba huenda mwenye O ya kweli yupo palepale mjini, ameandikwa kundi jingine. Nikajiambia huenda ni O. Nikamtazama dada yangu, nikaona jinsi atakavyonitazama nikisema, nikamwambia dereva:

"Ruponda. Mwulize mwenyekiti wa kitongoji, atakupeleka."

Gari likaondoka likirusha matope ukutani. Dada yangu akasema, "Asante, mdogo wangu." Hilo neno sijawahi kulisahau hata siku moja.

Barabara ilikuwa mbaya. Gari lilichukua saa nzima na robo kwenda na kurudi. Muda wote huo nilikaa kwenye benchi nje ya wodi, na kupitia mlango niliona ndoo ikitolewa, nyingine ikiingizwa. Yule binti aliongea mwanzoni. Nilimsikia akiuliza kama mtoto amenyonya. Baadaye hakuongea. Nilikuwa naomba dua, na katikati ya dua nilikuwa nahesabu herufi za jina la mzee wa Ruponda, nikikosea, nikianza tena.

Mzee alishuka garini amekunja suruali magotini, tayari kutoa. Mama Maabara alimchukua moja kwa moja. Dakika chache tu zikapita, akatoka na kile kigae cheupe cha kupimia, akanijia kwenye benchi.

"Bwana Faili. Huyu ni A."

Nilisimama.

"Mimi ndiye niliyempima alipojiandikisha. Nakumbuka ni A. Kwenye mashine yako ni kundi gani?"

Nikaingiza mkono mfukoni, nikampa kijitabu. Alikisoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili. Alikuwa mtu mwenye akili, sikuhitaji kueleza. Alisema tu, "Tangu lini?"

"Mwezi wa saba huu."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alikimbia maabara akarudi na disketi na daftari la shule lenye jalada la bluu. Akaketi kwenye kiti changu, akaweka disketi yake, na ile programu yake ya polepole ikaanza kutoa mistari, mmoja, kisha mwingine, na mimi nimesimama nyuma yake kama yeye alivyosimama nyuma yangu siku ile.

"Hii imefika mpaka lini?" nilimuuliza.

"Mpaka wiki iliyopita. Niliendelea kuandika yangu jioni, ukishaondoka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuuliza ukanicheka."

Mistari ikasimama. Palikuwa na jina la O, mwanamke, mwalimu wa shule ya msingi. Kwangu alikuwa ameandikwa B. Mahali: nyumba ya tatu kutoka geti la hospitali.

Alikuja kwa miguu. Alikuwa anafua, mikono bado ina povu. Kutoka kuitwa mpaka kulala kwenye kitanda cha kutolea damu hazikupita dakika kumi. Mama Maabara alipata na wa pili, wa Chiola, gari likamfuata. Damu ikaingia. Lakini daktari alikuwa amekwisha kusubiri sana, na alitoka akiwa na karatasi.

"Anaendelea kuvuja. Nikiacha kizazi atakufa. Nani anaidhinisha?"

Mume wa binti, kijana wa watu, alirudi nyuma hatua moja. "Mjomba wake yupo," alisema. "Mimi siwezi kusema mbele ya mjomba wake."

Wakanipa kalamu. Dada yangu alikuwa amembeba mtoto mchanga, akageukia ukutani. Nikasaini. Nilikuwa na mwandiko mzuri.

Binti aliishi. Kesho yake nilikwenda kwa mganga mkuu nikamwambia habari za programu, na za kijitabu nikamwambia pia. Aliniondoa kwenye kompyuta, akanirudisha kwenye mafaili ya karatasi, na orodha ikawa ya Mama Maabara mpaka alipohama. Lakini kwa dada yangu sikusema. Nilimwachia aamini kwamba gari lilichelewa kwa sababu ya matope. Binti akapona, akarudi Ruangwa na mtoto wake. Mumewe akavumilia miaka mitano, kisha akaoa mwingine atakayemzalia, na huyo mpwa wangu akarudi kwa mama yake na binti yake mmoja.

Hapo hofu yangu ikabadilika. Mwanzoni niliogopa mtu atakufa. Sasa niliogopa kwamba watajua. Kila nilipokwenda Ruangwa, kwenye msiba au kwenye unyago, nilitazama nyuso kwanza kabla ya kusalimu. Vijana wa ofisini walipoanza, miaka ya elfu mbili, kubishana lugha gani ni ya wataalamu na ipi ya wanaoanza, nilikuwa nainuka natoka nje. Walidhani mzee hapendi mambo mapya.

Nilistaafu. Mwaka huo, kiangazi, nikaenda Mbwemkuru nimwambie dada yangu. Alikuwa anapukuchua mbaazi. Nilisema yote: kisanduku, kijitabu, mzee wa Ruponda, mwalimu wa nyumba ya tatu. Hakusimamisha mikono.

"Nilikushukuru siku ile," alisema mwishowe.

"Ndiyo, dada."

"Na ulikaa ukanisikia."

"Ndiyo."

"Mwenyewe yuko nyuma, anachota maji. Kamwambie. Mimi sina mdomo wa kumwambia hilo."

Nilizunguka nyumba. Alikuwa na ndoo mbili, anajaza mtungi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana hakuniambia nikae. Aliniuliza maswali machache. Aliuliza saa ngapi zilipotea, nikamwambia moja na robo. Aliuliza kwa nini sikutumia ile ya Mama Maabara tangu mwanzo. Nilimwambia kwamba tuliicheka. Kwamba tulikuwa tumezipanga lugha zile kwa madaraja, na ile yake tuliiweka chini kwa sababu ilikuwa rahisi na ilikuwa inakataa mambo. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za kijiji cha mbali.

"Unataka nikusamehe, au unataka nijue?" aliniuliza.

Niliogopa kusema nataka yote mawili.

"Nataka ujue."

"Basi nimejua."

Akamimina ndoo ya pili, akafunika mtungi, akaniambia lori la kwenda Nachingwea hupita alasiri na nisichelewe. Bado naenda kwao kila mwaka. Mbele za watu ananiamkia shikamoo, ananiita mjomba, ananitengea kiti. Tukibaki wawili tu, ananipa maji bila kuniita chochote.